Mwalimu, anza na hati moja: kusoma Ukristo wa mwanzo kupitia intaneti

Swali la msomaji: "Nafundisha historia sekondari hapa Mbeya. Mwanafunzi wa kidato cha nne ameniletea video inayodai kwamba Konstantino, kaisari wa Roma, aliwakusanya maaskofu Nikea wakapiga kura vitabu gani viingie kwenye Biblia, na vilivyoshindwa vikachomwa. Nataka kumjibu kwa ushahidi, lakini kila nikitafuta kwenye intaneti nakutana na kelele. Maktaba ya karibu haina vitabu vya mambo haya, na natumia simu na bando la kawaida. Wapi pa kusoma bure, na pa kuaminika, kuhusu Wakristo wa kwanza na Dola la Roma katika zama zake za mwisho?"

Mwalimu wangu, nimefurahi kwamba umeamua kumjibu kijana kwa ushahidi badala ya kumnyamazisha. Ningeweza kukutajia tovuti hamsini hapa hapa, lakini baada ya wiki moja usingekumbuka hata tano. Afadhali tulichukue swali la mwanafunzi wako, tulifuatilie mpaka kwenye hati zenyewe, na tovuti tutazifahamu njiani.

Mtaguso wa Nikea ulikaa mwaka 325. Maneno ya mtaguso wenyewe yaliyotufikia si mengi: kanuni ya imani, kanuni 20 za nidhamu, na barua waliyoliandikia Kanisa la Misri. Zaidi ya hapo tuna masimulizi ya watu waliokuwemo ukumbini, kama Askofu Eusebius wa Kaisarea na Atanasi, ambaye wakati ule alikuwa shemasi tu, kabla ya kuwa askofu wa Aleksandria. Karibu yote hayo yamo kwa Kiingereza, bure, kwenye tovuti mbili: New Advent, na Christian Classics Ethereal Library ambayo watu huifupisha CCEL. Zisome zile kanuni 20. Ni kazi ya nusu saa. Ya 4 inataka askofu mpya awekwe wakfu na maaskofu wasiopungua watatu. Ya 17 inawakataza makasisi kukopesha kwa riba. Ya 20 inasema Jumapili watu wasali wamesimama, wasipige magoti. Utafika mwisho hujakutana na kanuni hata moja inayotaja orodha ya vitabu vya Biblia.

Basi hadithi ya kura imetoka wapi? Ipo hati ya Kigiriki iitwayo Synodicon Vetus, ya mwishoni mwa karne ya 9, yaani zaidi ya miaka 500 baada ya mtaguso. Inasimulia kwamba vitabu viliwekwa kando ya altare, maaskofu wakasali, vya kweli vikaonekana juu na vya uongo vikabaki chini. Ilipochapishwa Ulaya baadaye, kisa kikaanza kutembea, na kila msimuliaji akakiongezea chumvi. Tovuti ya The Tertullian Project, aliyoijenga Mwingereza Roger Pearse, ina ukurasa mzima unaokusanya ushahidi wa suala hili mmoja mmoja. Ninaupenda kwa sababu haufichi yanayoipa video ya mwanafunzi wako nguvu kidogo. Ni kweli Konstantino alimwandikia Eusebius akiagiza nakala 50 za Maandiko kwa ajili ya makanisa ya Konstantinopoli. Barua hiyo imo katika Maisha ya Konstantino, kitabu cha nne, sura ya 36. Lakini haisemi ni vitabu gani viwemo. Ni kweli pia kwamba Yeronimo, mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini, katika utangulizi wa tafsiri yake ya Yudithi, anasema inasomeka kwamba mtaguso wa Nikea ulikihesabu kitabu hicho miongoni mwa Maandiko. Mwanafunzi aambiwe na hayo. Halafu aonyeshwe barua ya Pasaka ya Atanasi ya mwaka 367, ambamo vitabu 27 vya Agano Jipya vinatajwa kimoja kimoja, vile vile tulivyo navyo leo. Hiyo ni miaka 42 baada ya Nikea, na ni barua ya askofu kwa makanisa yake, wala si amri ya kaisari.

Sasa nikueleze zile tovuti mbili zinapata wapi tafsiri zao, maana hapa ndipo wengi hujikwaa. Sehemu kubwa ni mkusanyo wa Mababa wa Kanisa, yaani waandishi Wakristo wa karne za kwanza, wa juzuu 38, uliotolewa kwa Kiingereza mwishoni mwa karne ya 19: juzuu 10 za kabla ya Nikea, na mifululizo miwili ya juzuu 14 kwa ajili ya waliofuata. Umewekwa bure kwa sababu hakimiliki yake imekwisha zamani. Watafsiri walikuwa wasomi hodari, nami nautumia karibu kila siku. Lakini Kiingereza chake ni cha mababu, maelezo ya pembeni yamejaa ugomvi wa madhehebu ya wakati ule, na lililo kubwa zaidi ni kwamba hayajui chochote kilichogunduliwa baada ya hapo. Maandiko ya Nag Hammadi, zile kodeksi 13 (vitabu vya kale vya kuandikwa kwa mkono) za Kikoptiki zilizofukuliwa Misri ya Juu mwaka 1945, humo hayamo.

Humo pia haimo barua moja ya Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, ambayo, ningekuwa na uwezo, ningeitundika ukutani katika kila darasa la historia la Afrika Mashariki. Mwaka 1981 zilichapishwa barua 29, karibu zote zake, nyingi zikiwa hazikujulikana kabisa. Johannes Divjak, msomi kutoka Austria, ndiye aliyezikuta katika miswada ya zamani. Katika barua ya 10 kati ya hizo, Agostino, akiwa mzee, anamwandikia rafiki yake Alypius kuhusu wafanyabiashara ya watumwa waliokuwa wakiiteka Afrika ya Kirumi, wakivamia mashamba usiku, wakiwachukua watu huru na kuwapakia merikebuni. Wakati yeye hayupo mjini Hippo, waumini wake walikwenda wakawatoa mateka wapatao 120. Walipohojiwa, wasiozidi watano au sita ndio waliokuwa wameuzwa na wazazi wao, waliobaki walitekwa. Mtu wa Bagamoyo au Kilwa akiisoma barua hiyo hahitaji kutafsiriwa maumivu yake. Wasomaji wa zile juzuu 38 hawakuwahi kuiona. Kwa hiyo ukisikia "maandishi yote ya Agostino yamo humu", jua kuna yaliyobaki nje. Tovuti ya augustinus.it ina maandishi yake kwa Kilatini na Kiitaliano. Kama padri wa parokia yako amesoma Roma, mbishie hodi, umwombe mkae mezani pamoja.

Turudi kwenye swali la vitabu. Fungua tovuti ya Codex Sinaiticus. Ni Biblia ya Kigiriki iliyoandikwa kwa mkono katika karne ya 4, na leo imegawanyika sehemu nne: British Library mjini London, Chuo Kikuu cha Leipzig, Maktaba ya Taifa ya Urusi, na monasteri ya Mtakatifu Katarina kule Sinai, ilikokuwa hadi karne ya 19. Tangu 2009 kurasa zote zilizobaki zinaonekana mahali pamoja. Ukibonyeza mstari wa maandishi, unaonyeshwa neno lenyewe lilipo kwenye ngozi, pamoja na masahihisho ya waliolifuta na kuliandika upya. Nenda mwisho wa Injili ya Marko. Inaishia sura ya 16 mstari wa 8, wanawake wakikimbia kutoka kaburini kwa hofu, kisha nafasi tupu, kisha Luka. Halafu nenda mwisho wa kodeksi nzima. Baada ya Ufunuo kuna Barua ya Barnaba na sehemu ya Mchungaji wa Herma. Hiyo ni Biblia ya kifahari ya karne ile ile ya Nikea, na bado ina vitabu viwili ambavyo havimo katika Biblia yako. Laiti maaskofu wangekuwa wamekwisha kupiga kura na kuchoma vilivyoshindwa, mwandishi wa kodeksi hii asingejisumbua navyo. Picha moja hiyo inamtosha kijana kuliko hotuba yangu ndefu.

Kuna hazina nyingine ambayo wapenda Mababa wa Kanisa hupita kando yake: hati za mafunjo. Tovuti inaitwa papyri.info, na hukusanya maelfu ya karatasi za maisha ya kawaida, nyingi zikiwa zimetunzwa na mchanga mkavu wa Misri. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru wakazi wa dola watoe dhabihu kwa miungu, na Misri watu walipewa vyeti kuthibitisha kwamba wametii. Vimepatikana zaidi ya 40. Cha kwanza kujulikana ni cha Aurelius Diogenes, mzee wa miaka 72 wa kijiji cha Alexandrou Nesos, mwenye kovu kwenye nyusi ya kulia. Anasema amekuwa akitoa dhabihu siku zote, na sasa mbele ya kamati amemimina kinywaji cha tambiko, ametoa dhabihu, ameonja nyama yake, na anaomba athibitishiwe kwa maandishi. Lile kovu ndilo lililokaa mahali pa picha ya kitambulisho. Kingine ni cha Aurelia Ammonous, na mama huyo ni kuhani wa Petesuchos, mungu mamba! Hata yeye alitakiwa kuonyesha karatasi kwamba anaiabudu miungu. Tafakari na wanafunzi wako maana yake: amri haikuwalenga Wakristo kwa jina, bali iliwabana watu wote, na Wakristo ndio walionaswa. Jambo hilo huwezi kulipata kwa Eusebius, maana yeye anatazama kutoka upande wa walioumia.

Mateso ya Diokletiano, yaliyoanza 303, nayo yana hati yake ninayoipenda kupita kiasi, na inalihusu swali lako moja kwa moja, kwa kuwa safari hii vitabu vilichomwa kweli. Ila aliyeamuru vichomwe alikuwa kaisari mpagani. Ni taarifa ya ukaguzi uliofanyika Cirta, mji ambao leo unaitwa Constantine nchini Algeria, tarehe 19 Mei 303. Mkuu wa mji anafika kwenye nyumba walikokuwa wakikusanyika Wakristo na kumwambia Askofu Paulo atoe Maandiko. Askofu anajibu kwamba Maandiko wanayo wasomaji wa ibadani, wao watatoa walicho nacho pale. Karani anaorodhesha: vikombe viwili vya dhahabu, vikombe sita vya fedha, taa, minyororo, halafu kanzu 82 za wanawake, kanzu 16 za wanaume, jozi 13 za viatu vya kiume, jozi 47 za viatu vya kike. Nasoma orodha hiyo na kuwaona wajane wa Cirta wamepanga mstari. Hakuna Baba wa Kanisa aliyenieleza sadaka ya nguo kwa maskini kama alivyonieleza karani huyu ambaye hata hakuwapenda. Kisha wanakwenda nyumba kwa nyumba za wasomaji. Victor, mwalimu wa shule kama wewe, anatoa kodeksi mbili na mafungu manne ya kurasa. Taarifa hiyo ilisomwa tena mbele ya hakimu mwaka 320, katika kesi iliyotokana na ugomvi wa Wadonati, Wakristo wa Afrika waliojitenga na Kanisa, ndiyo sababu imetufikia. Utaipata katika viambatisho vya kitabu cha Optatus, askofu aliyeandika dhidi ya Wadonati, kwa tafsiri ya mwaka 1917, kwenye ile ile Tertullian Project.

Kwetu Afrika Mashariki nako kuna mlango, japo hautufikishi mbali sana kusini. Katika Utetezi wa Atanasi kwa Kaisari Constantius mna barua ambayo kaisari aliwaandikia watawala wa Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, Aizanas na Sazanas, akitaka Frumentius, askofu wao, arudishwe Misri akachunguzwe imani yake. Aizanas huyo ndiye Mfalme Ezana, ambaye sarafu zake zinaanza na alama ya mwezi mwandamo na kuishia na msalaba. Kwa miswada ya Ethiopia na ya Makanisa ya Mashariki, jisajili bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Hill Museum & Manuscript Library, ya Collegeville kule Minnesota. Na ukitaka kuwashangaza wanafunzi, watafutie Cosmas, mfanyabiashara Mmisri wa karne ya 6 aliyefika bandari ya Adulis, ambaye kitabu chake kinataja bahari ya kusini kwa jina la Zingion. Wasomaji wa pwani wataisikia Zanj humo mara moja. Tafsiri yake ya 1897 nayo iko kwenye Tertullian Project.

Vifaa vingine nivipitie haraka. Pleiades hukuonyesha mji wa kale uko wapi kwenye ramani ya leo. ORBIS, ya Chuo Kikuu cha Stanford, hukokotoa safari katika Dola la Roma huchukua siku ngapi kwa meli au kwa miguu. Ni nzuri sana kwa kueleza kwa nini barua zilichelewa. OCRE ni ya sarafu za makaisari. LacusCurtius ina wanahistoria wa Kirumi, akiwemo Ammianus Marcellinus, mpagani mwenye jicho la haki kuhusu karne ya 4. Hifadhidata ya The Cult of Saints, ya Oxford, hukusanya ushahidi wa heshima kwa watakatifu mpaka karibu mwaka 700: mtafute somo wako humo uone alianza kutajwa lini na wapi. Perseus itakusaidia neno kwa neno ukijaribu Kigiriki na Kilatini. Kabla ya kununua kitabu cha bei, soma mapitio yake katika Bryn Mawr Classical Review, inayotoka bure tangu 1990. JSTOR, hifadhi ya makala za kitaaluma, nayo hukuruhusu kusoma makala kadhaa kila mwezi ukijifungulia akaunti ya mtu binafsi.

Kwa mihadhara, Chuo Kikuu cha Yale kiliweka bure kozi ya Dale Martin kuhusu Agano Jipya na ya Paul Freedman kuhusu miaka 284 hadi 1000. Usitazame video, pakua maandishi yake, bando litadumu. Kwenye Internet Archive vile vile, PDF ya kitabu kizima inaweza kuwa nzito mno kwa simu, basi chagua toleo la maandishi matupu, ila ujue kwamba Kigiriki humo huharibika kabisa na herufi za Kilatini nazo hukosewa hapa na pale.

Wikipedia ya Kiswahili ina makala nyingi za watakatifu na mababa, na ni mahali pazuri pa kupata majina na miaka. Ukiishia hapo, bado hujaiona hati. Na kuhusu programu za akili mnemba, ambazo wanafunzi wako tayari wanazo simuni, nakuomba uwe mkali. Nimeletewa insha yenye nukuu tamu ya Tertullian, mwandishi Mkristo wa Karthago, nikaitafuta siku mbili, haipo popote. Kanuni yangu darasani ni hii: nukuu isiyo na jina la kitabu na namba ya sura haihesabiki, na yenye namba lazima ifunguliwe mbele ya wote. New Advent na CCEL zimepangwa kwa sura, hivyo kuhakiki ni kazi ya dakika mbili.

Sasa nikuchagulie hati ya kuanzia wiki hii. Usianze na Jiji la Mungu la Agostino. Vitabu 22 vitakukatisha tamaa. Anza na Kesi ya Mashahidi wa Scilli. Ni fupi, haizidi kurasa mbili, na iko New Advent. Ni tarehe 17 Julai 180, mjini Karthago, karibu na Tunis ya leo. Wakristo wa mji mdogo uitwao Scilli wamesimama mbele ya liwali Saturninus. Waliouawa ni 12, wanaume saba na wanawake watano. Liwali hana hasira, anawabembeleza, hata anawapa siku 30 wakafikirie. Speratus, msemaji wao, anakataa. Katikati ya mahojiano liwali anauliza kitu ambacho karani, kwa bahati yetu, alikiandika: "Mna nini ndani ya kisanduku chenu?" Speratus anajibu: "Vitabu, na barua za Paulo, mtu mwenye haki."

Mwonyeshe kijana wako mstari huo, kisha muhesabu pamoja ni miaka mingapi kutoka pale hadi Nikea.